Kilio Nilichokataa Kukimaliza

Lushebere, tarehe 6 Februari 2022

Mwanangu Claudette, binti wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote unaokula nao huko Walikale. Sisi hapa tu wazima. Mvua imewahi, barabara ya Masisi-centre imekuwa uji, lakini maharagwe yamekubali. Mama yako alipita Jumapili baada ya misa. Goti linamsumbua; anatembea na fimbo na kudai kwamba si fimbo, ni mwamvuli. Mimi niliacha kufundisha zamani, lakini watoto wa majirani bado wanakuja na madaftari yao, na sijajua namna ya kumfukuza mtoto mwenye daftari.

Picha ya kiapo chenu imefika. Sébastien wa pikipiki, anayetubebea barua, aliileta ndani ya shati lake ili isilowe. Nimeitazama mpaka nikaona mishono. Nilipokuwa na umri wako niliomba kusoma sheria. Baba yangu akasema sheria ni kazi ya kusimama mbele ya wanaume, na mwanamke husimama mbele ya jiko, au akizidi sana, mbele ya watoto. Nikasimama mbele ya watoto mpaka nywele zikawa nyeupe. Leo naona wasichana wanne waliotoka kwenye milima hii, wote mawakili, wanacheka mbele ya mahakama ya Goma kama watu waliotoka sokoni na kitu walichokitafuta.

Najua mlikuwa na toge moja tu, lile vazi jeusi la mawakili, mkaitwa mmoja mmoja, kila anayetoka akaivua na kumvika mwenzake kwenye ukumbi wa nje. Ninafurahi. Mume wangu Isidore alipokufa nilinunua kitambaa cheusi. Nusu nikashona gauni la kilio ambalo ninalivaa mpaka leo, nusu nikakutunzia wewe, ukaja kushona toge hiyo. Kwa hiyo kilio changu kiko mwilini mwangu na kiko pia mbele ya mahakimu. Nilitaka iwe hivyo.

Lakini katika picha, yule aliyevaa toge ndiye aliyegeuza uso. Ni nani?

Sasa neno lenyewe. Umeapa, kwa hiyo sina tena sababu ya kungoja. Ninataka Straton, ndugu ya marehemu mume wangu, aitwe mbele ya tribinali kwa ajili ya kilima cha Kabingo: nyumba, migomba, malisho ya juu, na kaburi la Isidore ambalo siruhusiwi kulipalilia. Unalijua jambo hili, lakini nalieleza upya, maana siku moja utalieleza kwa watu wasiolijua.

Kwetu mtu akifa, walio wake wanaingia katika weusi. Tunaita kwirabura. Wanakaa humo mpaka siku ya kwera, yaani kuwa weupe tena. Siku hiyo ndugu ya marehemu anampa mjane mrija wa kwanza wa pombe ya ndizi, mjane anakunywa, kilio kinaisha, na hapo tu mrithi anaonyeshwa kwa watu. Straton alitaka kunipa mrija huo akiwa tayari amenifukuza. Nilikataa. Bila kinywa changu hakuna kwera, na bila kwera yeye si mrithi, hata akilala kitandani pa Isidore.

Usiniambie kwamba unanitafutia haki. Haki ni ya watu wote. Mimi ninataka kitu changu: nataka aone aibu mbele ya watu walewale, kinywa chake kikiwa kikavu.

Mungu akulinde na barabara hizo.

Shangazi yako, Godelieve Mukamurenzi

*

Walikale, tarehe 20 Machi 2022

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa kukungojesha. Barua yako ilikaa Nyabiondo kwa sababu ya mapigano, ikanifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Mimi mzima. Malaria ilinishika, ikaniacha. Mwambie Mama mwamvuli wake nitamletea mwingine wenye kishikio kizuri.

Hapa Walikale ofisi yetu ni chumba kimoja kando ya barabara kuu. Tuko mawakili wanawake watatu, na jirani yetu tribinalini karani ni mwanamke, na hakimu mmoja pia. Wiki iliyopita aliingia papa mmoja, mzee mwindaji wa msituni, amebeba nungu mkavu wa moshi. Akatupita sote.

“Niko natafuta Avoka.”

“Umefika, Papa. Kaa.”

“Hapana, Avoka mwenyewe.”

Mwenzangu akavaa toge, akaketi mbele yake. Papa akamtazama juu mpaka chini, akamwekea nungu juu ya meza. “Kumbe ni wewe. Basi nilikuwa natafuta wewe.”

Tumecheka wiki nzima. Lakini kesho yake alimleta binti yake, ambaye wakwe walikuwa wamemnyang’anya shamba la mihogo, na baada ya binti huyo wakaja wengine, wanawake wa msituni wanaotembea toka alfajiri. Mmoja aliniambia: “Nilisikia kuko mutoto wa mama anasemaka mu tribinali na hawamufukuze. Nikasema nifike nione.” Hakuwa na kesi. Alikaa kwenye benchi la mwisho mpaka jioni, akarudi kwake.

Zamani fakilte, yaani kitivo cha sheria, ilikuwa na wasichana wa kuhesabika, nao walikaa nyuma. Sisi wanne tulikaa mbele, bega kwa bega. Mmoja akikosa kitabu tunamsomea, mmoja akiugua tunaandika masomo yake. Siku ya mtihani wa mdomo tulingojana mlangoni mpaka wa mwisho akatoka.

Kesi yako ninaichukua. Niandikie kila kitu ambacho Straton amekufanyia tangu siku ya mazishi, hata vidogo unavyoona aibu kuvitaja. Hasa hivyo.

Nakukumbatia.

Claudette

*

Lushebere, tarehe 1 Mei 2022

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Kwetu kuna habari njema na ya kuchosha: wageni wamejaa kambini tena, waliofukuzwa kutoka vijiji vya juu, na nimepata wanafunzi wapya bila kuwatafuta. Tunasomea nje. Ubao wetu ni mlango.

Sikuona jibu la swali langu kuhusu picha. Huenda mvua ililifuta.

Unataka vidogo. Haya.

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado haujakauka, Straton alisimama juu ya jiwe la kunolea mapanga akasema: “Mama Godelieve hakuzaa. Mugomba bila matunda banaukata, banapanda ingine. Akamate mali yake na sufuria, arudie kwabo.” Nilitafuta uso wa mtu mmoja wa kupinga. Wote walitazama viatu vyao.

Nilipokuja kupalilia kaburi, alinifungulia mbwa.

Alipoulizwa kwa nini binti yake Uwimbabazi amefaulu na haendi chuo, alisema: “Mwenye nimeona nyumbani mwetu amesoma ni muke wa kaka yangu, na mujionee wenyewe fayida yake.” Msichana huyo nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa na akili kama wembe. Nasikia mjomba wake wa upande wa mama alimsomesha hatimaye, sijui wapi wala sitaki kujua.

Na kuna arusi. Mwaka 2016 Straton alimwoza mwanawe Fiston. Nilialikwa na mama wa bibi-arusi, ambaye hakujua mambo yetu. Nilivaa gauni langu jeusi nikalipiga pasi. Nilipofika kwenye viti, Straton aliinuka mbele ya wageni wote: “Hapana. Huyu mama iko mu kilio. Kilio ya kaka yangu haiyaisha. Muntu wa kilio hawezi kukaa na bibi-arusi, atamuletea mukosi. Mumupatie chakula kule inje, ku lupango.” Kisha akamwagiza Mzee Kanyamibwa, aliyekuwa msemaji wa sherehe, aseme vilevile kwenye mikrofoni, ili nisijifanye sikusikia. Nilikula wali kwenye jani la mgomba, karibu na mbwa yuleyule. Nilikula wote. Sikumpa mbwa hata punje.

Sijawahi kumwandikia mtu jambo hili. Ulipotaka vidogo, nimeona kwamba hiki ndicho kinachonikaba zaidi ya kilima chenyewe. Mtu anaweza kunyang’anywa ardhi na akabaki mtu. Kwenye ua ule nilikuwa kitu.

Fanya kazi yako.

Shangazi

*

Walikale, tarehe 14 Juni 2022

Shangazi,

Salamu nyingi, na za wenzangu pia. Leo sina habari za nyumbani za kukuliwaza, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Kesi imeandikishwa Masisi. Straton amejibu kwa maandishi. Anadai kwamba yeye ni mrithi halali kwa desturi, kwa sababu kwera ya Baba Isidore ilifanyika mwaka 2013, wewe ukiwepo, na kwamba yeye mwenyewe alikupa mrija ukanywa.

Soma tena sentensi hiyo polepole, halafu ukumbuke barua yako ya mwezi wa tano.

Nakuomba mambo mawili. Usimsimulie mtu mwingine habari ya arusi. Na usivue gauni hilo, hata padri akikuomba.

La tatu ni langu. Straton ana wakili. Ni Maître Uwimbabazi, binti yake. Mawakili wengine waliomba malipo, yeye hakuombwa hata maoni. Shangazi, aliyegeuza uso katika picha ni yeye. Tumelala chumba kimoja Goma miaka yote ya fakilte. Nilipougua homa ya matumbo, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Ameapa akiwa amevaa kitambaa chako.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeniomba nichague.

Claudette

*

Lushebere, tarehe 30 Juni 2022

Claudette,

Mama yako mzima. Maharagwe yamevunwa. Hayo ndiyo mambo ya nyumbani.

Kitambaa kile nilikilalia kichwani usiku ambao mume wangu alikuwa amelazwa maiti kwenye ubao. Ulimvika binti ya Straton. Ulimvika, ukamfunga vifungo, ukapiga naye picha, ukanitumia picha, na mimi mjinga nikaibandika ukutani na kuwaonyesha watoto wa watu.

Lakini mimi ni mwalimu, nimejifunza kutokutupa kitu chenye faida. Basi sikiliza. Anakupenda, anakuamini. Muulize baba yake anaficha nini. Muulize mashahidi ni akina nani, wamelipwa na nani, Straton anaogopa nini. Atakuambia mkiwa mnasukana nywele, kama wasichana wanavyoambiana. Ukilileta hilo tribinalini kutoka kinywani mwa damu yake mwenyewe, nitasahau toge.

Usiponiletea, sijui nitakuita nani.

G. Mukamurenzi

*

Walikale, tarehe 24 Julai 2022

Shangazi yangu,

Bado nakuita hivyo.

Sitamuuliza. Si kwa sababu ninampenda kuliko wewe. Unakumbuka papa wa nungu? Siku alipotuamini, alituamini sote, hata yule ambaye angesimama upande wa wakwe. Ikijulikana kwamba sisi wanawake tunaibiana siri za wateja wetu wakati wa kusukana, hakuna atakayetoka msituni tena, na waliosema kazi hii si yetu watacheka mpaka walale. Tulipomaliza fakilte tuliwekeana neno: tunaweza kupigana tribinalini mpaka jasho litutoke, lakini mlango wa mteja haufunguliwi, wala kwa chozi, wala kwa undugu. Toka alipopokea faili la baba yake, mimi na Uwimbabazi hatujaandikiana neno moja juu ya kesi hii. Tunaandikiana habari za mvua.

Umenifundisha wewe mwenyewe kwamba anayeiba jibu hajui hesabu. Ninayo hesabu, Shangazi. Umenipa katika barua yako. Sihitaji ya kuiba.

Straton ataaibika kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha binti yake. Niache nifanye kazi niliyoapia.

Claudette

*

Walikale, tarehe 28 Agosti 2022

Shangazi,

Sikupata jibu. Sébastien anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaipokea, ukampa ndizi, ukafunga mlango.

Tarehe imetoka: Jumanne ya kwanza ya Oktoba, Masisi-centre. Nitafika siku moja kabla, nitalala kwa Mama. Kama hutaki kuniona, usinione. Lakini njoo ukae mbele, na uvae mweusi.

Claudette

*

Lushebere, tarehe 9 Oktoba 2022

Mwanangu Claudette,

Nakusalimu, na wenzako wote nawasalimu. Nimekaa miezi bila kukuandikia. Nilianza barua mara nyingi, zote zilikuwa na matusi, nikaziwashia jiko.

Uliondoka haraka baada ya kesi, na mahali uliposimama ulikuwa umenipa mgongo. Hukuona nyuso. Mimi niliziona kutoka kwenye benchi la mbele, kwa hiyo nakusimulia, maana sioni vizuri ushinde na usijue ulishinda nini.

Kwanza chumba. Palikuwa na Mama Prezida, hakimu mkuu, katikati, wazee wawili wa desturi pembeni yake, karani mwanamke, wewe kulia, Uwimbabazi kushoto. Straton alipoingia, alitazama kila mahali kama mtu aliyekosea mlango. Nilimsikia akimwambia jirani: “Hakimu mwanaume iko wapi?”

Ulianza taratibu mno, nikaudhika. Ulimuuliza kama kwera ilifanyika. Ilifanyika. Mwaka gani? “2013.” Nani alimpa mjane mrija? “Mimi mwenyewe, na huu mukono.” Akauinua mkono, watu wauone. Ukamuuliza tangu siku hiyo mjane alivaa nguo gani. “Nyeupe, kama desturi.” Mama Prezida akanitazama, gauni langu likiwa limepauka mabegani kwa miaka kumi. Straton akasema haraka: “Ile anavaa kwa kiburi tu.”

Ndipo ukasema: “Papa Straton, ku arusi ya Fiston, mwaka 2016, kwa nini mulimukalisha inje?”

Hukuona shingo yake. Mimi niliiona. Ilianza kutetemeka chini ya sikio, pale ambapo mbuzi hushikwa. Akasema hayo ni mambo ya akina mama wa jikoni. Ukamwita Mzee Kanyamibwa, naye akainuka na kofia yake mkononi: “Mimi nilisema ile Straton aliniambia niseme. Nilisema mama atoke, juu kilio ya Isidore haiyaisha. Nilisema mu mikro. Batu yote ilisikia.” Na chumba kizima, wale waliotazama viatu siku ya mazishi, wakaitikia kwa sauti ya chini: njo vile, ndivyo.

Straton akamgeukia binti yake. Alisema mbele ya wote: “Uliniambia nisiseme ile ya kwera. Kumbe ulijua? Sasa juu ya nini haukunikataza kwa nguvu?”

Uwimbabazi alifunua faili. Alitazama karatasi zake. Nilimwona akiwa na umri wa darasa la tano, siku alipojua jibu na baba yake akaja kumtoa darasani akalinde mbuzi.

Mama Prezida akaweka kalamu chini. “Papa, chagua. Ao kilio iliisha mu 2013, basi mu 2016 ulimutukana mujane bure mbele ya batu. Ao kilio haikuisha, basi wewe si muriti, na umedanganya tribinali. Niko nangojea.”

Claudette, alisimama pale, mdomo unafunguka, haitoki sauti. Ulimi wake ulikuwa mkavu, nilisikia ukibandukana na kaakaa. Nimeomba miaka kumi nisikie sauti hiyo. Nikikuambia kwamba niliona huruma nitakuwa nadanganya, na mwaka huu wadanganyaji wametosha. Niliona tamu. Nilikaa nayo kinywani kama mtoto na muwa.

Kisha akasimama Uwimbabazi. Nilitaka kuziba masikio. Lakini alisema hana swali, akaacha desturi kando, akakamata sheria. Akaeleza kwamba mume akifa bila watoto, mjane anahesabiwa kati ya warithi, lakini ndugu wa marehemu pia hawafutwi. Na kwamba mtu aliyesema uongo hapotezi kwa hiyo kile ambacho sheria inampa. Alisema bila kulia na bila kupiga kelele, kwa ajili ya mtu aliyemkatalia shule. Ninyi wawili mlikuwa mnapokezana maneno kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Ningempa tisa juu ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya damu yake.

Hukumu ilisomwa Ijumaa. Nyumba, migomba na kaburi ni vyangu. Malisho ya juu yanagawanywa, nusu kwangu, nusu kwa Straton. Sheria haina njaa kama yangu.

Kwa lile la toge na la kusukana: ulikuwa na haki. Sitaliandika mara mbili.

Shangazi yako

*

Walikale, tarehe 27 Oktoba 2022

Shangazi mpenzi,

Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu, nimeruka tu pale penye muwa. Walipiga makofi kwa Mama Prezida, kwa karani, na kwako. Yule mama wa benchi la mwisho amerudi. Safari hii ana kesi.

Uwimbabazi amenipigia simu. Sasa kesi imekwisha tunaweza kusema. Anasema wazee wa ukoo wamekataa kupima malisho ya juu mpaka kilio kimalizwe sawasawa. Kwa hiyo baba yake sasa anahitaji kwera kuliko mtu yeyote. Tarehe 19 Novemba atakuja na mtungi, atakupa mrija mbele ya watu.

Nakuomba unywe, Shangazi. Umepata ulichotaka. Tumbo la kisasi halishibi, unalijua hilo kuliko mimi. Kunywa tone moja, ulale usingizi.

Siwezi kuja, nina kesi mbili za wanawake wa msituni wiki hiyo. Uwimbabazi atakuwepo. Mpokee.

Claudette wako

*

Kabingo, tarehe 20 Novemba 2022

Mwanangu Claudette,

Ona mahali ninapoandikia. Mama yako yuko nami, amekaa jikoni kwangu, anaukosoa moshi. Mwamvuli wako umefika; sasa anatembea na mwamvuli na kusema ni fimbo. Paa linavuja upande mmoja. Migomba ilikuwa imesongwa na magugu, tumeipalilia na wasichana wa kambini, na jioni tunasoma. Kaburi la Isidore ni safi.

Kwera ilikuwa jana. Padri alisoma misa asubuhi. Baada ya misa niliingia ndani, nikavua mweusi, nikaoga, nikavaa nguo nyeupe aliyoniletea Uwimbabazi. Alinifunga vifungo yeye mwenyewe. Gauni nililifua, na liko ndani ya mfuko huu anaokuletea Sébastien. Lifumue ushone toge ya pili, iwe ya huyo msichana. Wakili mwenye alama tisa hawezi kuendelea kuazima. Mweusi ulikuwa wa Isidore na mimi, na Isidore amengoja vya kutosha.

Lakini mrija ni wa Straton na mimi.

Alikuja na mtungi, amevaa koti alilolivaa siku ya arusi ya Fiston. Watu walijaa mpaka kwenye ua, palepale nilipokula na mbwa. Akachovya mrija, akapiga goti moja kama inavyotakiwa, akaninyooshea, akasema maneno: “Kunywa, mulamu wangu, giza imeisha.”

Nilimtazama. Wewe umekaa darasani mwangu, unajua ninavyomtazama mwanafunzi asiyejua jibu. Simpigi, simtukani. Ninampa muda.

Watu wakaanza kukohoa, kisha wakaanza kunywa mitungi mingine na kuzungumza habari za bei ya jibini. Povu lilishuka. Alibadilisha goti. Mkono ule aliouinua tribinalini ulikuwa bado umenyooka mbele yangu, na mrija ukidondosha tone moja moja juu ya kiatu chake. Uwimbabazi alinitazama, nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza kidogo, akainamisha kichwa.

Najua uliniomba. Nililifikiria ombi lako kwa heshima yote, kama ninavyofikiria kila kazi iliyoandikwa vizuri.

Mwishoni Mzee Kanyamibwa akanijia, kofia mkononi, akaniinamia sikioni. “Mama Mwalimu, wazee beko banangojea. Mutakunywa saa ngapi?”

Nikamjibu kwa sauti ya darasani, ili na wa nyuma wasikie:

“Nikisikia kiu.”

Shangazi yako akupendaye, Godelieve